Ndoo ya Vifuniko

Mimi ni msusi, na msusi asiye na mdomo hufa njaa. Wateja wangu wanadai ulimi wangu unachoma kuliko pasi, na nyumbani tangu utotoni naitwa Pilipili. Ndiyo maana ndugu zangu walipokaa kikao cha kumjadili baba, hawakupata tabu ya kuulizana nani atamfunga paka kengele. Waligeuka wote wakanitazama mimi.

Tulikuwa sebuleni kwa dada mkubwa, mlango umefungwa, feni inazunguka huku ikilalamika. Kaka ndiye aliyefungua mazungumzo. Alisema baba ametoka tena kituo cha mafuta bila kifuniko cha tanki. Mara ya kwanza kaka mwenyewe ndiye aliyegundua. Aliomba lifti, akaingia garini, na harufu ya petroli ikamtoa machozi. Aliposhuka na kuzunguka nyuma alikuta tundu la tanki liko wazi, mafuta yamechirizika ubavuni mwa gari mpaka kwenye tairi. Akanunua kifuniko kipya. Kipya nacho hakikukaa, na safari hii dada ndiye aliyekuta tundu limezibwa kwa tambara.

"Tambara, jamani!" dada alisema. "Baba huyu huyu aliyeendesha lori la mafuta maisha yake yote! Baba aliyekuwa akirudi kazini na ovaroli lake, hatuthubutu kuwasha kiberiti hata chumba cha pili. Leo anatembea mjini na tanki limezibwa kwa tambara, na jirani yake kwenye foleni anavuta sigara dirishani."

Najua kila mmoja wetu alikuwa anamwona shangazi, dada yake baba. Shangazi naye alianza na vitu vidogo vidogo. Alisahau sufuria jikoni, akasahau njia ya sokoni, na mwisho akawa anamwita binti yake wa kumzaa "mgeni" na kumuuliza kama ameshakula. Alipofariki sote tulilia, isipokuwa yule binti. Aliniambia yeye kilio chake alishakimaliza zamani, mama yake angali hai. Hilo ndilo lililokuwa limekaa nasi pale sebuleni, na hakuna aliyetaka kulitaja.

"Achukuliwe funguo za gari," kaka alisema. "Kabla hajaungua, au hajaunguza watu."

"Na wa kuzichukua ni Pilipili," dada akadakia. "Wewe ndiye kitinda mimba, wewe anakusikiliza. Sisi akitukaripia tunarudi kuwa watoto."

"Kwani mimi nimezaliwa mtu mzima?"

Wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani, lakini uamuzi ukabaki pale pale. Nilichoambulia ni sharti moja. Nilisema sichukui funguo za mtu kwa habari za kusikia. Nitapanda naye gari, twende tukajaze mafuta, nisimkumbushe kitu chochote. Akiondoka bila kifuniko, basi, nitazichukua. Wakakubali, maana aliyepewa mzigo huachiwa achague bega.

Usiku ule nilijigeuza kitandani kama chapati. Nilikuwa natunga kisingizio cha kumtoa baba nyumbani, na kila nilichotunga kilinuka uongo. Kumbe sikuhitaji. Asubuhi nikiwa napanga machanuo saluni, simu ikaita, na alikuwa yeye.

"Mama, una kazi nyingi leo?"

Baba huniita mama akiwa na jambo.

"Kazi haiishi, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Nisindikize nikajaze mafuta, halafu tuzungumze kidogo."

Nilimshukuru Mungu kwa kunirahisishia, na papo hapo nikajiona msaliti. Nilifunga saluni, nikamwachia jirani ujumbe kwa wateja.

Baba yangu ni mtu mfupi, mkavu, amenyooka kama rula, na shati lake hufungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Siku hiyo alikuwa amenyoa ndevu na kupaka viatu rangi. Nilijiuliza ni nani anavaa hivyo kwenda kununua petroli, lakini sikulitilia maanani. Macho yangu yalikuwa kwenye kifuniko. Kabla ya kupanda nilizunguka nyuma kana kwamba naangalia tairi, nikakipapasa kile kidirisha cha bati kinachofunika tundu la tanki. Nilijua ndani kuna kifuniko cha tatu, alichonunua kaka baada ya lile tambara.

Gari lenyewe tulimnunulia sisi wanawe tulipochoka kumwona na lile bovu lake. Lile la zamani tanki lake lilifunguliwa kwa ufunguo, na ufunguo alikuwa nao yeye shingoni mwake, kwenye uzi. Hili la sasa lina kijiti chini ya kiti cha dereva. Unakivuta, kidirisha cha nje kinafyatuka, na anayekaribia kwanza anazungusha kifuniko. Tulipomletea alilizunguka mara kadhaa, akasema ni zuri, akauliza mbona halina ufunguo wa tanki. Tukamcheka.

Aliendesha vizuri, na hilo ndilo lililoniuma. Alitazama vioo, alisimama kwenye kivuko akawapisha wanafunzi, hakumtukana hata yule wa pikipiki aliyetukata kwa mbele. Mimi nilimtukana kwa niaba yake. Baba alitabasamu, lakini hakuongea, na si kawaida yake. Akiwa na mimi garini huwa ananisimulia milima aliyopanda na lori, breki zilizomtoka, na jinsi alivyomaliza mteremko kwa gia na dua.

Kituoni alisimamisha gari, akalizima, akavuta kile kijiti chini ya kiti.

"Zima simu," aliniambia.

"Baba, siku hizi simu hazilipui vituo."

"Mimi sijasema inalipua. Nimesema izime. Na ushuke."

Nikashuka. Kabla sijasogea akanishika mkono, akaugusisha kwenye bati la mlango.

"Hizo nguo zako za kumetameta zinatoa cheche ukizikokota kwenye kiti. Ziache cheche hapa, usiipelekee petroli."

Moyo ukanilainika. Anayesahau mambo hakumbuki cheche za nguo, nilijiambia. Halafu nikakumbuka kwamba shangazi naye hadi mwisho alijua kukunja kanga zake zikalingana pembe kwa pembe, huku hamjui anayemsaidia kuzikunja.

Mhudumu wa pampu alikuwa mwanamke wa umri wangu, kofia imemfunika masikio, mwepesi wa miguu. Alimwamkia baba, akazungusha kifuniko taratibu, kikashusha pumzi ile ya "fyuu" ya gari lililokaa juani. Baba akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mhudumu akakiweka kifuniko juu ya paa la gari, akaingiza mdomo wa pampu.

"Siku zote huwa naingia ndani kulipa wakati wanajaza," baba aliniambia. "Leo tusimame wote."

Tukasimama kando ya mashine ya upepo, yeye mikono nyuma, mimi mikono kifuani. Pampu ilipojikata yenyewe, mhudumu alitaka kuongeza kidogo. Baba akainua kidole kutoka kule tuliko.

"Imetosha, binti yangu. Iachie petroli pa kupumulia."

Mhudumu akatundika mpira wa pampu, baba akamlipa hapo hapo, wakaagana. Nyuma yetu pikipiki ilishaanza kupiga honi. Mhudumu akaikimbilia. Baba akafungua mlango, akaketi, akafunga mkanda.

Kifuniko kilikuwa bado juu ya paa.

Niliketi kando yake na roho mkononi. Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kukohoa, kutazama juu, kufanya lolote, maana baba ni baba yangu. Lakini huo ndio uliokuwa mtihani, na niliuweka mimi mwenyewe kwa mdomo wangu huu. Kumbuka, baba, niliomba kimoyomoyo. Kumbuka, nakusihi. Akawasha gari. Akatazama kioo cha kulia, akatazama cha kushoto, akaachia breki.

Juu ya vichwa vyetu kitu kikakwaruza bati. Kifuniko kikaanguka, kikabiringika sakafuni, kikaenda kulala chini ya pikipiki.

"Baba, simama."

Alikuwa ameshasimama. Alizima gari, akashuka, akakitazama kifuniko pale kilipolala. Nimewahi kumwona baba amekasirika na nimewahi kumwona analia, lakini sura ile sikuwahi kuiona. Aliogopa. Mwanaume aliyepita milimani na tani za petroli mgongoni aliogopa kipande cha plastiki kinachoenea kiganjani.

Mimi nami nilikwisha. Nilianza kutafuta maneno ya kumwambia, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe sikuwa nayo.

Baba akageuka kwangu. "Mimi sikukifungua," alisema polepole.

"Haidhuru, baba."

"Inadhuru! Umeona wewe mwenyewe. Tulikuwa tumesimama kule. Nani alikifungua?"

"Mhudumu."

"Basi." Akavuta pumzi ndefu. "Kwenye malori, mkono uliofungua ndio ufungao. Anayepanda juu ya tanki na kufungua mfuniko ndiye anayeufunga, na dereva haugusi hata kwa kidole. Mikono ikiwa miwili, huyu anamtegemea yule, yule anamtegemea huyu, na mfuniko unabaki wazi barabarani. Maisha yangu yote sijafunga nisichofungua. Gari langu la zamani nilikuwa nafungua mwenyewe kwa ufunguo, nafunga mwenyewe. Hili anafungua mtu mwingine. Mimi najua amefunga."

Mhudumu alikuwa ameshakiokota kifuniko, anakuja nacho huku akikipangusa kwa kitambaa.

"Samahani mzee, hiki hapa. Sisi huwa hatufungi."

Nilisikia damu ikinipanda. Maneno yangu yote yaliyokuwa yamenikimbia yakarudi kwa pamoja, na yakaja na ndugu zao.

"Hamfungi? Mnafungua, halafu hamfungi? Hospitali gani hii, inayompasua mtu ikamwacha aende nyumbani bila kushonwa?"

"Dada yangu, usinile mie," alisema, na wala hakuonekana kukasirika. "Ni amri ya bosi. Kuna mteja kifuniko chake kilipasuka, akasema tumekikaza kwa nguvu. Alifanya fujo hapa, watu wakajaa. Tangu siku hiyo bosi akasema sisi tufungue tu, kufunga afunge mwenyewe anavyotaka. Tunakiweka juu ya paa ili mwenye gari akione."

"Na mwenye gari mfupi?" nilimuuliza. "Huyu mzee wangu ataona paa kwa ngazi?"

Baba akaniangalia vibaya. Mhudumu akauma mdomo ili asicheke.

"Na asipoona?" baba aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Yupo mwingine aliyewahi kuondoka hivi? Au ni mimi tu?"

Sikuwa nimewahi kusikia swali limebeba mzigo kiasi kile. Mhudumu hakujua alichoulizwa. Alicheka, akamwita mwenzake ashike pampu, akatupeleka nyuma ya ofisi, palipokuwa na mifagio, galoni tupu na ndoo kubwa ya plastiki, ile ya kufulia mablanketi. Akaondoa gunia lililoifunika.

Ndoo ilikuwa imejaa vifuniko vya tanki mpaka shingoni.

Vilikuwamo vyeusi vya kila namna, vyenye kamba iliyokatika, vyenye ufunguo bado umening'inia, kimoja chekundu cha lori, kimoja kimefungwa utepe wa harusi. Mhudumu akawa anachota na kutuonyesha kama muuza njugu.

"Hiki cha mwalimu mkuu wa hapo juu. Hiki cha bwana harusi, alikuwa na haraka zake. Hiki cha daktari, huyo amekuja kuchukua akakiacha tena. Na hiki..." akatazama mlango wa ofisi, akashusha sauti, "hiki cha bosi mwenyewe."

Nilianza kucheka. Nilicheka nikashika ukuta, nikacheka mpaka machozi yakanimwagika na wanja wangu ukashuka mashavuni, na sikuweza tena kujua ni kicheko au ni kilio. Furaha niliyokuwa nayo haina kipimo. Kumbe mji mzima umesahau! Kumbe walimu, madaktari na maharusi wote wamo kwenye ndoo moja na baba yangu, na hakuna anayewafanyia kikao sebuleni!

Baba hakucheka. Alichuchumaa kando ya ndoo na suruali yake iliyopigwa pasi, akaanza kuchambua. Hakuharakisha. Alipokipata cha kwanza alikitambua kwa alama ya rangi aliyokuwa amekichora, akakiweka juu ya goti. Cha pili, kile alichonunua kaka mara ya kwanza, kilikuwa chini kabisa. Alivishika vyote viwili kwa mikono miwili, akabaki amechuchumaa, kichwa ameinamisha.

"Mzee, maji?" mhudumu aliuliza.

"Hapana, binti yangu. Umeshanipa."

Tuliporudi kwenye gari, mhudumu alijitolea: kwa gari la mzee, bosi apende asipende, yeye atakuwa anafunga. Baba akamshukuru, akakataa.

"Utanifungia leo, kesho atakuwepo mwenzako. Kuanzia sasa nitafungua mwenyewe na kufunga mwenyewe. Lakini hiyo ndoo mwambie bosi wako aitazame. Kila kifuniko humo ni gari linalotembea na petroli wazi."

Akakigeuza kifuniko kilichoanguka, akakagua ule mpira wa pete kama umeingia mchanga, akaupangusa kwa kidole, akakizungusha mahali pake mpaka kikalia ka-ka-ka. Akakijaribu tena. Kisha akaniangalia mimi, akakijaribu mara nyingine, kwa kunichokoza tu. Hapo nikajua baba amerudi. Au tuseme, hakuwa ameenda popote.

Tuliondoka. Hatukufika mbali. Penye uwanja wa shule, baba alitoka barabarani, akasimama kwenye majani, akazima gari. Mikono yake ikabaki juu ya usukani.

"Mliponiambia nimesahau kifuniko, niliamini," alisema. "Nilijaribu kukumbuka mkono wangu ukikifungua, nikakosa. Nikajiambia, basi umekifungua, na umesahau hata kukifungua. Ndivyo dada yangu alivyoanza. Cha pili kilipopotea sikuwa na uso wa kumwambia kaka yako. Nikaziba kwa tambara kama mwizi."

"Baba..."

"Ngoja. Kila asubuhi, kabla sijatoka kitandani, nayataja majina ya wajukuu, kuanzia mkubwa. Nikikwama narudi mwanzo. Siku nyingine jua linanikuta bado nataja."

"Na unakwama kwa nani?"

"Yule wa kati wa dada yako."

"Baba, huyo hata mimi namkwepa. Jina lake lina herufi kuliko yeye mwenyewe alivyo mkubwa."

Akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo kilichokwama kooni, kisha kikafunguka, akacheka kweli, mabega yakitikisika, akifuta macho kwa kiganja. Nami nikacheka naye. Nilimweleza yote, kikao, mlango uliofungwa, na kwamba nilitumwa nimpokonye funguo. Sikutaka kufunika kombe. Nilitarajia ang'ake. Yeye akatikisa kichwa tu.

"Najua. Nilipita pale jana, nikauona. Mlango wa dada yako haufungwi mchana ila kwa msiba."

"Ulijua, na bado ukaniita nikusindikize?"

Alinyoosha mkono akazigusa funguo, pale zilipokuwa zimechomekwa, kisha akauondoa.

"Nilikuita nikupe. Niliamka nimeamua. Nikanyoa, nikavaa vizuri, nikasema bora nizitoe mwenyewe kwa mkono wangu kuliko kungoja nivuliwe. Nilikuwa nikuletee mpaka saluni kwako, nishuke, nirudi nyumbani kwa miguu."

"Sasa na mafuta tulienda kujaza ya nini?"

Baba alinishangaa, kana kwamba ni mimi niliyeanza kupotewa na akili.

"Gari mlininunulia nyinyi," alisema. "Mtu harudishi gari la watu na tanki tupu."

Nililia kwa sauti, mimi Pilipili mzima, mbele ya watoto wa shule waliokuwa wakicheza mpira. Baba akanipa leso yake, akanionya nisimpakie wanja kwenye viti. Nilipotulia nilizitazama zile funguo, nikaziacha pale pale zilipo, nikamwambia awashe gari, wateja wananingoja.